Ndagala Chini ya Shitingi

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa kumi
Nimegeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye kichanja cha kukaushia, nimenawa mikono kwa sabuni mara mbili, nimeenda shuleni. Somo la biashara. Mwalimu ameuliza nani anataka kuwa na biashara yake akimaliza masomo. Wavulana karibu wote wamenyoosha mikono. Wasichana, hakuna. Mimi nilianza kuinua wangu. Bahati, anayekaa nyuma yangu, akasema, "Weye, shusha. Utatuua na harufu ya ndagala." Darasa zima likacheka. Nikashusha. Najichukia kuliko ninavyomchukia Bahati.

Jumanne, tarehe 6
Mama amepanda lori la Luvungi na magunia yake ya ndagala kavu. Atarudi Alhamisi. Ameniachia ndagala mbichi. "Usizifunike mpaka zikauke." Baba anataka nisomee ualimu. Anasema biashara ni barabara, na barabara sasa ni ya wenye bunduki. Mama alikuwa akifunga mizigo.

Alhamisi, tarehe 8
Risasi tangu alfajiri, upande wa bonde. Barabara imefungwa. Shule pia. Mama hajarudi.

Baba ametuhamishia Songo kwa shangazi. Kabla ya kutoka nilifunika ndagala kwa shitingi la plastiki. Niliogopa mvua, niliogopa wezi. Zilikuwa bado na maji. Nilijua. Nikafunika tu.

Jumamosi, tarehe 10
Tumerudi nyumbani Mulongwe. Mama bado. Nimefunua shitingi. Funza watupu. Nimelia, kisha nikaona aibu. Nalilia samaki na sijui kama mama yangu yuko hai. Baba amekaa mlangoni anatazama barabara. Hali kitu.

Jumapili, tarehe 11
Misa. Sikusikia mahubiri. Njiani niliwaona bata wa jirani yetu, Mama Furaha, wakigombania taka kando ya mto. Nikamwambia nina chakula cha bata. Alikuja, akanusa, akaziba pua.

"Mutoto wa muchuuzi, hata funza unauzisha?"

Akachukua zote. Akanilipa kidogo. Nikaenda ufukweni, nikanunua kwa pesa hizo beseni ya ndagala mbichi, haikujaa. Hizi sizifuniki. Mvua ikija nitaziingiza ndani, tulale nazo. Baba alinikuta nazitandaza. Nilingoja aseme habari ya ualimu. Akainama, akashika upande wa pili wa kichanja.

Jumanne, tarehe 13
Mama amefika. Kwa miguu, kupitia mashambani. Hana magunia, hana viatu. Alilala mpaka jioni. Alipoamka aliulizia ndagala. Nikamweleza yote.

"Bata?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akalia, nami sikujua niweke wapi mikono yangu.

Alhamisi, tarehe 15
Shule imefunguliwa. Viti vingi vitupu. Bahati yupo. Mwalimu alishika chaki, akairudisha, akauliza tena swali lile lile la biashara, polepole.

Nyumbani sabuni imekwisha, mikono yangu inanuka ndagala. Nikanyoosha mkono.