Mama Mkwe Amekataa Sungura Afe

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, uani hapakaliki.

Shajara yangu, leo nataka kupiga vigelegele peke yangu humu chumbani.

Mama mkwe alikuja kutoka Machame kunikagua. Ndoa tulishafunga bomani, lakini yeye alitaka mwanawe aoe kwao, si kuokota Mmwera wa Masasi hapa Kariakoo. Wiki nzima namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, basi. Hata chai ya sukari niliyoipangia foleni duka la ushirika aliinywa kimya. Kesho alikuwa apande basi, na mume wangu alishaniambia: akiondoka hivi hivi, ukoo mzima utanikataa.

Jana nililia. Naandika ukweli.

Leo mvua ikatukusanya wapangaji wote ukumbini na majiko yetu. Bi Zubeda wa Kilwa akaona bora atuchangamshe. "Paukwa!" Tukaitikia, "Pakawa!" Akatusimulia jini aliyeogopa jogoo. Mama Kanti, jirani yetu Mhindi aliyekuja kuazima kibiriti, naye akatupa ya kwao, chura aliyeposa binti wa mfalme. Nazipenda mno hadithi za watu wa mbali. Mapishi mbalimbali, dini mbalimbali, lakini wanyama wao wote ni waongo vilevile!

Zamu yangu ikafika. Nikasimulia sungura aliyeiba maji kisimani, mpaka tembo akamkamata, akamkanyaga, akafa.

"Hafi!"

Mama mkwe, aliyekuwa pembeni akimenya ndizi, alisimama na kisu mkononi. "Sungura hafi! Nani kakufundisha uongo huo? Alimwambia tembo, ukinikanyaga sifi, nirushe kwenye majani ndiyo nitakufa. Lile jinga likamrusha!"

Nikabisha. Kwa nini nisibishe? Kwetu anakufa. Tulibishana mpaka maharage yangu yakaungua. Kisha akaimba wimbo wa sungura kwa Kichaga, ukumbi mzima tukaitikia bila kuelewa neno, naye akacheka mpaka akaniegemea begani.

Mume wangu aliporudi, amelowa chapachapa, akamuuliza mama yake kama ameshafunga mizigo.

"Siendi," akajibu. "Mkwe wangu huyu mbishi. Hadithi zao zinaua ovyo, lazima nizinyooshe kwanza."

Mkwe wangu! Amesema mbele ya wapangaji wote.

Kesho naanza na hadithi ya fisi. Nitamuua mapema.