Kijiko cha Mkebe Mwingine

Dada Nabwire,

Mtoto wako yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya salamu.

Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni hapa Malaba, mchana. Mume wangu Barasa yuko stesheni anapakia magunia, Mama amejilaza kidogo ndani, na Ouma anacheza na vifuniko vya soda hapo nje. Mtoto wako nimemlaza mapajani, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue ni yeye anapumua. Kila nikimaliza mstari namwangalia. Naogopa, Dada. Barasa nikimwambia anasema nimechoka, nilale. Mama nikimwambia anaanza kuomba. Nimeona nikuambie wewe.

Sijui huko mliko mnapata habari zetu au la. Kama unajua haya yote, vumilia uyasikie tena. Mwishoni kuna jambo nitakuomba, na nitakuomba kwa ukali kidogo, unisamehe.

Tulipokuzika Namboboto, shemeji alisimama mbele ya watu akasema mtoto aje kwangu mpaka awe na miguu ya kutembea. Nikampokea. Nilidhani nitamnyonyesha, maana Ouma nilikuwa sijamwachisha vizuri. Kumbe nilikuwa tayari na mimba, na shangazi zetu walipojua wakanikataza. Unajua wanavyosema juu ya maziwa ya mwenye mimba, kwamba yanaharibu tumbo la mtoto wa mwingine. Shangazi Taaka akaniuliza, "Ukimpa hayo akaharisha, utatuambia nini sisi?" Na maziwa yenyewe yalikuwa yanakauka. Basi tukaenda kwa maziwa ya mkebe.

Mkebe wa kwanza shemeji aliununua Busia. Ndani mlikuwa na kijiko kidogo cheupe cha plastiki, kama kifuniko cha chupa ya dawa. Niliyasoma maandishi. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, wewe wajua, lakini nilikaa nayo mpaka nikaelewa: kijiko kimoja kwa aunsi moja ya maji yaliyochemka. Chupa ina mistari ya aunsi ubavuni. Maji mpaka mstari wa nne, vijiko vinne. Mtoto akanywa, akalala, akaanza kutoa mikunjo mapajani. Nilikuwa namfunulia kila jirani aone hiyo mikunjo, kama mtu aliyenunuliwa kitenge kipya.

Halafu mikebe ile ikapotea madukani. Uliondoka wakati ng'ambo sukari imeadimika. Sasa uhaba umezidi. Watu wa magendo wanafagia kila kitu huku na kuvusha Uganda, sabuni, chumvi, mpaka maziwa ya watoto. Nilizunguka Busia yote nikakosa. Mwisho nikapata mkebe wa aina nyingine hapa hapa Malaba, kwa Mama Asekon, yule Mteso mwenye duka karibu na reli uliyekuwa ukitukanana naye kwa kicheko kila ulipomletea mahindi. Mkebe ulikuwa umeshafunguliwa. Akina mama wasioweza kununua mkebe mzima huwapimia kijiko kijiko kwenye karatasi. Akaniambia, "Huu chukua wewe, mama, haujaguswa sana. Una mtoto wa marehemu." Kijiko hakikuwemo. Sikukiuliza. Cha kwangu kilikuwa nyumbani.

Hapa nataka unielewe nilivyofikiri, maana ni wewe uliyenilea hivyo. Nimekua nyuma ya mkeka wako wa mahindi soko la Busia. Nilikuona ukijaza gorogoro, ule mkebe wako wa kupimia, ukiigonga ubavuni mahindi yakae, ukipitisha kiganja juu, na mnunuzi akilalamika unamwambia, "Baba, gorogoro ni gorogoro, hata ukienda nayo Kampala." Watu wanacheka, wanalipa. Na ilikuwa kweli. Gorogoro ya soko la Khunyangu ndiyo hiyo hiyo ya Busia, hakuna anayeuliza mkebe ule zamani ulikuwa na mafuta ya kampuni gani. Basi kijiko cha maziwa, kwangu mimi, kilikuwa kijiko cha maziwa.

Na mkebe mpya niliusoma pia. Sikufanya ovyo, Dada. Uliandikwa kijiko kimoja kwa aunsi mbili. Nikajiambia, haya ni maziwa yenye nguvu zaidi, hayatakiwi mengi. Maji mpaka mstari wa nne, vijiko viwili. Tena nikafurahi kwamba mkebe huu haumaliziki haraka.

Mtoto akaanza kulia. Anamaliza chupa, analia. Ananyonya pindo la leso yangu, analia. Mama akaja kutoka nyumbani kunisaidia, akamsikiliza siku hiyo ya kwanza akiwa bado hajatua hata mfuko wake, akasema, "Huyu analilia jina."

Unajua jina hakupata. Ulituacha kabla hujamwita chochote, na sisi tulikuwa tunamwita Mtoto tu. Mama akamshika, shangazi wakakaa, wakaanza kuwataja wafu wa nyumbani mmoja mmoja, kama inavyofanywa, wasikie ni nani anayetaka kuitwa kwa mtoto huyu. Wakamtaja Kukhu, bibi yetu. Analia. Wakamtaja dada ya Baba. Analia. Mama akamsogeza kifuani, akasema polepole, "Nabwire."

Mtoto akanyamaza.

Shangazi Taaka akapiga vigelegele. Mama akalia kwa furaha, akisema umerudi. Mimi sikushangilia. Nilikuwa karibu, niliuona uso wake. Mtoto aliyeridhika hulegea, akavuta pumzi ndefu. Huyu alizima kama taa ya mafuta yaliyokwisha.

Tangu siku ile hakulia tena. Majirani wakasema mtoto mzuri, hasumbui. Mikunjo ya mapaja ikawa ngozi tupu. Macho yakawa makubwa, na kila nikimbeba begani anaangalia kona ile ile ya nyumba, pale ninapotundika koti la kazi la Barasa. Nilikuwa nageuka kuangalia. Siku moja nikasema kwa sauti, "Dada, mwache." Mama alinisikia. Aliinuka akafunga dirisha.

Nikampeleka kliniki Busia. Nesi akampima, akatazama mzani, akamtoa, akamrudisha tena mzanini. Akaniuliza ninampa nini. Nikasema maziwa ya mkebe. Ninachanganya vipi? Nikasema kama ilivyoandikwa. Akaweka kalamu chini.

"Kila mama anayekaa hapo huniambia kama ilivyoandikwa. Kesho niletee mkebe wenyewe, na chupa, na kijiko. Mdomo wako uache nyumbani."

Wanawake kwenye benchi wakacheka. Nilitoka nimekasirika, nikimfunika mtoto wako kichwa asisikie.

Asubuhi yake nikapita kwa Mama Asekon kuomba kijiko cha mkebe ule, ili yule nesi asipate la kusema. Alikuwa anampimia mama mmoja kwenye karatasi. Akakitoa mfukoni mwa eproni. Dada, kilikuwa kikubwa kama nusu ya yai. Nikatoa changu nikakitumbukiza ndani ya chake, kikapotea. Nikachota vijiko vyangu viwili nikamimina mle. Vikakijaza sawasawa, si zaidi.

Mama Asekon akacheka. "Eh, mama, hicho chako ni cha kupimia ugoro." Kisha akaniona uso, akaacha kucheka. "Keti. Keti kwanza."

Nikaketi juu ya gunia la chumvi. Nilikuwa ninampa mtoto wako nusu ya chakula, kila chupa, kwa mkono wangu, nikimwimbia. Na wote tulikuwa tumeamua kwamba ni wewe unayemwita.

Mama Asekon alibaki ameshika kile kijiko kikubwa. Mwishowe akaniuliza, si kwa sauti yake ya dukani, "Na hawa ninaowapimia kwenye karatasi? Wao wanaweka maji kiasi gani?" Mkebe hawajauona hata kwa macho.

Nesi hakunigombeza. Aliugeuza mkebe akaweka kidole chini kabisa, karibu na mshono wa bati, kwenye herufi ndogo nilizoziruka. Zilisema utumie kijiko kilichomo ndani ya mkebe huu tu, unga usawazishwe juu, usishindiliwe. Akanionyesha na jedwali la kiasi cha kumpa. Mimi nilikuwa nasoma mstari wa miezi. Akasema, "Miezi anayo minne, lakini mwili ni wa mtoto mchanga. Fuata mstari wa uzito. Na haya maandishi makubwa na picha ni ya kuuza mkebe. Madogo ndiyo yanayomlisha mtoto."

Halafu akaniambia jambo lililonitia hofu mpya. Nisijaribu kulipa deni. Nikizidisha unga ili anenepe upesi, maziwa mazito yatamkausha ndani, na mwili huo mdogo hautaweza. Kidogo kidogo, mara kwa mara, kwa kipimo. Nilipomshukuru akasema, "Usinishukuru bado."

Hayo maneno mawili nimetoka nayo mpaka Malaba.

Nyumbani nimepigana na Mama, Dada. Tangu nizaliwe sijawahi kumjibu vile. Alitaka kijiko kiwe mlima, cha kufidia zile siku. Nikamshika mkono. Mimi napitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko, kama wewe ulivyopitisha kiganja. Akaniuliza, "Umekuwa daktari?" Nikamwambia, "Hapana Mama. Mimi ndiye ninayepima." Akaenda kukaa nje mpaka jua likamfukuza.

Na jana mtoto akalia.

Alilia vizuri, Dada, ngumi zimekunjwa, uso mwekundu, mpaka dereva mmoja wa lori huko barabarani akapaza sauti, "Mama, mnyamazishe huyo, tumelala hapa foleni." Sikumnyamazisha haraka. Nilichanganya chupa bila kukimbia, nikimsikiliza. Lakini Mama aliogopa. Anasema umekasirika, jina tumekupa, sasa unamtaka mtoto mwenyewe. Anataka Jumamosi shangazi warudi na kuku, watajwe tena wafu wote. Nimemwambia hakuna atakayetajwa mbele ya huyu mtoto kabla hajashiba. Amenitazama kama mimi si binti yake.

Sasa ombi langu. Mimi nimekiona kijiko, najua kilichokuwa kinamliza na najua kilichomnyamazisha. Lakini macho yake yale kwenye kona bado sijayaelewa, na siwezi kukudanganya kwamba sikuogopi. Kwa hiyo nasema hivi, na nasema nikiwa mdogo wako unayenijua. Kama ulikuwa wewe pale konani, toka. Kumpenda unayo haki, ulimbeba. Kumchukua, hapana. Nimemlisha njaa bila kujua na bado yuko hapa. Hakushikilia hivyo ili aje kwako.

Sijui kama atapona. Nesi anataka kumwona kila wiki. Mkebe umebaki nusu, na ukiisha sijui nitapata wa aina gani, wala kijiko chake kitakuwa cha ukubwa gani. Ila nakuahidi haya. Kila mkebe utakaoingia nyumba hii nitausoma upya kuanzia juu mpaka kwenye mshono wa chini, kama mtu ambaye hajawahi kusoma mwingine. Kijiko cha mkebe uliokwisha kitatupwa chooni siku hiyo hiyo. Siku ya soko nitakaa dukani kwa Mama Asekon, ameniomba mwenyewe, niwaambie wale wa karatasi ni maji mpaka mstari gani. Na tumbo hili langu likizaa salama, na maziwa yakija, nitawanyonyesha wote wawili, shangazi waseme watakavyosema.

Jina lako atalipata. Si sasa. Atalipata siku atakapokuwa na nguvu za kulikataa akitaka.

Pumzika, Dada. Usihangaike na sisi, wala usisogee karibu. Usimwite. Na yeye akikuita, nitaitika mimi.

Mdogo wako,
Nafula