Nilipima Ijumaa Mchana

Jumatano. Mawingu tangu alfajiri, mvua hakuna, na mimi sina raha. Nimejimiminia chai mara mbili na vikombe vyote viwili nimeviacha nusu.

Nianze na lililotokea asubuhi, maana nisipoliandika leo, kesho nitalipamba.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa mtandao. Mradi wetu una puto jeupe, kubwa kama chumba, limefungwa kwa kamba juu ya kijiji kimoja pembeni mwa Fukayosi. Hapa Bagamoyo, juu ya paa la ghala karibu na soko la samaki, tuna kifaa kinachorusha mwanga usioonekana kwa macho mpaka kwenye puto. Mwanga huo ndio unaobeba mtandao, na puto linaushusha kijijini kama mnara wa simu ungefanya. Mwanga ukikatika, puto linageukia satelaiti. Ila satelaiti tumeiweka ya akiba tu, na njia yake ni nyembamba: sauti inapita, picha haipiti.

Na picha ndiyo inayohitajika na zahanati ya kule. Kila asubuhi kuanzia saa tatu, Nesi Neema huwaonyesha wajawazito kwa daktari wa huku mjini kwa simu ya video.

Leo alikuwapo mama wa mimba ya miezi minane, miguu imevimba. Daktari alipotaka kuiona, picha ikaganda, kisha ikapotea. Kwa sauti peke yake hakuthubutu kuamua, akasema mama aletwe. Akaletwa kwa bodaboda, njia nzima vumbi na mashimo. Amepimwa, yuko salama, amerudishwa kwao. Kumbe angeweza kubaki nyumbani.

Hii ni mara ya nne katika wiki mbili picha kukatika saa zile zile.

Injinia Deo, mkuu wetu anayetoka Dar, akapanda paani mwenyewe. Hakukaa sana kabla ya kuuona moshi. Nyuma ya ghala, upande wa bara, kuna vibanda vya wakaanga samaki, na mwanga wetu ukielekea Fukayosi hauna budi kupita juu ya makarai yao. Aliposhuka alikuwa ameshaamua: kesho atakwenda kwenye kamati ya soko kuomba wakaangaji wahamishiwe nyuma ya ukuta, kule ambako wateja hawafiki.

Nikanyamaza.

Mmoja wa wakaangaji hao ni shangazi yangu, Bi Mwanahawa. Karai lake ndilo lililonisomesha. Lakini sikunyamaza kwa ajili yake; ingekuwa hivyo, ningekuwa na la kujitetea. Nilinyamaza kwa sababu mahali pale nilipachagua mimi, nikapima mimi, na nikaandika kwa mkono wangu kwamba njia ya mwanga ni safi. Kazi hii nilipewa kwa kuwa mimi ni mtoto wa hapa. Injinia aliwaambia wenzangu wazi kabisa: huyu anaujua mji, msimbishie.

Mchana nikaenda kula kwa shangazi kama kawaida. Shikamoo, marahaba, habari za kazi. Habari za kuhamishwa alikuwa nazo tayari, sijui amezipata wapi. Hakukasirika. Aliniuliza tu kama puto letu lina pumu. Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, kicheko cha kulazimisha.

Kisha akanisogezea sahani ya kibua, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, siku ile uliyokuja na vidude vyako, ulitaka nikukaangie kibua, nikakwambia sina moto. Hukujiuliza kwa nini?"

Ilikuwa Ijumaa, adhuhuri. Soko zima lilikuwa limekwenda kusali, na wakaangaji walikuwa wamezima moto kungoja wateja warudi kutoka msikitini. Niliichagua saa ile makusudi, kwa sababu palikuwa kimya na hakuna mtu wa kuniuliza maswali. Nimezaliwa mtaa wa pili kutoka pale. Mgeni angekosea hivyo, ningemcheka mwezi mzima.

Sahani ile sikuimaliza.

Nimerudi ofisini nikamweleza Injinia kila kitu, nimesimama, mikono sijui niiweke wapi. Akasema, "Ungesema asubuhi." Nikamjibu kwamba niliona aibu. Hakunipoza, na kusema kweli sikutegemea anipoze. Alitaka kujua tu kama nina mahali pengine.

Ninapo. Kuna mnara wa tangi la maji, upande wa bara, ng'ambo ya vibanda. Kifaa kikikaa juu yake, mwanga utaanza safari yake ukiwa umeshaupita moshi. Kukihamisha kutachukua siku kadhaa. Kwa siku hizo Nesi Neema na daktari wamekubali kuanza saa moja na nusu, kabla moto haujawashwa. Kwa kamati ya soko hatuendi tena.

Imebaki fomu ya hitilafu. Kwenye chanzo cha tatizo, Injinia alikuwa ameandika: moshi wa wakaanga samaki. Amenirudishia fomu pamoja na kalamu. Nimekata mstari, nikaandika: njia ilipimwa Ijumaa mchana, moto ukiwa umezimwa. Aliyepima ni mimi.

Nikasaini chini yake; jina langu lilionekana refu kuliko siku zote.

Kesho saa tatu nitakuwa juu ya tangi na vipimo vyangu. Nimempigia shangazi kumwomba jambo moja tu: saa hiyo moto wake uwe umekolea, na atie kuni mbichi.