Viti vya Kuazima, Karambira

Jumatano, 5 Novemba 2025

Mama Caritas amenipigia simu nikiwa sokoni Jabe, mteja amekamata kitenge upande mmoja na mimi upande wa pili. Ndiye mamake Audace, mama mkwe wangu. Anakaa peke yake kule Karambira, juu mlimani, mji unapoishia. Anasema Jumamosi watapata wageni. Watu wa shirika. Watazunguka nyumba kwa nyumba, na zile watakazoona ziko hatarini watazipiga alama ya rangi ya bluu. Mwenye alama atapewa kiwanja na mabati huku chini, ahame kabla mvua hazijakolea.

Nikasema asante Mungu — hatimaye! Maana lile korongo limeshakula mihogo yake, limekula choo, mwaka jana likala mparachichi, kikabaki kisiki. Sasa liko nyuma ya jiko. Mvua ikinyesha hapa Bwiza mimi silali.

Na yeye ananiuliza nini? Kama nina glasi nzuri. Glasi! Na lile pazia la maua la sebuleni kwangu, naweza kuja nalo?

Nimesema ndiyo, Mama. Mume wangu yuko na lori lake njia ya Kigoma, hakuna wa kumsaidia isipokuwa mimi. Lakini glasi, jamani.

Ijumaa, 7 Novemba

Esansi, mafuta ya magari, hakuna mjini, kwa hiyo basi hakuna, kwa hiyo miguu. Nimepanda na glasi kichwani, nimezifungia ndani ya pazia. Watoto wananipita wakikimbia na madumu ya maji, mimi nahema kama mgonjwa.

Ukifika juu unaona kila kitu. Mji, ziwa, na ng'ambo milima ya Uvira, kwetu. Wageni watasema mnakaa pazuri. Nilikasirika hata kabla hawajasema.

Nimeenda nyuma ya nyumba. Sikuthubutu kusimama ukingoni. Na ukuta wa chumba una ufa mpya, mkono wangu umepita mpaka nje. Nikamwita Mama aone. Alishauona. Ndiyo maana alitaka pazia.

Nilimwambia ufa ndio wanaokuja kuutazama! Akasema mgeni haonyeshwi tundu la nyumba, anaonyeshwa mahali pa kukaa. Akaenda kutafuta misumari.

Jioni majirani wameanza kuleta vitu. Huyu meza, huyu kitambaa cha kufuma. Mzee Révérien, mjane wa nyumba ya juu, ameleta viti vyake vyote vyenye mito, kimoja kimoja, akakataa nimsaidie. Hakuna aliyeombwa mara mbili. Mgeni akija kwa mmoja, ni wa wote.

Nyumba imekuwa kama ya afisa. Mama anazunguka anagusa kila kiti mgongoni. Sijamwona hivyo tangu arusi yangu. Basi nikafuta glasi.

Jumamosi, 8 Novemba

Hasira haijanitoka. Niandike hivyohivyo.

Wamefika baada ya kazi za jamii za kila Jumamosi asubuhi. Mbele kijana anaitwa Armel, wa hapahapa mjini, beji kifuani, viatu vyeupe. Nyuma yake mwanamke mgeni, Luz, kutoka Amerika ya Kusini, na mwingine wa kushika kopo la rangi. Wamekaa kwenye viti vya Révérien. Wametazama mlangoni. Luz akasema kitu, Armel akatafsiri: mnakaa pazuri sana. Nilijua!

Huyu Luz si mtu mbaya, niseme haki. Ametoa simu akatuonyesha mji wa kwao. Mlima kama huu, nyumba zimebebana hivi hivi, lakini zimepakwa rangi zote, njano, pinki, na juu vijumba vinapita vimening'inia kwenye kamba za chuma. Anasema watalii wanapanda kuutembelea. Mama akaitazama ile picha muda mrefu. Akauliza: na maji ya mvua, kule yanapitia wapi?

Armel akacheka. Hakutafsiri.

Kisha Mama akamimina mutobe aliokamua jana, juisi ya ndizi, tamu kabisa. Akaonja yeye kwanza, kama inavyofanywa, mgeni ajue hakuna ubaya ndani. Akampa Armel kwa mikono miwili. Na huyo — aliyezaliwa hapa, anayejua! — akasema asante, tuna maji yetu. Akatoa chupa kwenye begi. Mkono wa Mama ukarudi na glasi imejaa. Hilo sitalisahau.

Akaanza kutazama. Viti. Meza. Kitambaa. Glasi zangu. Pazia langu la maua, likicheza kidogo kwa upepo ambao haukutoka mlangoni. Hakujiuliza upepo unatoka wapi! Akamuuliza Mama kama hivi vyote ni vyake. Mwenye nyumba atajibuje swali hilo wageni wakiwa wamevikalia? Mama akasema, "Karibuni sana."

"Mama, we uko muzuri," Armel akasema. Wakasimama.

Nikamkimbilia nje. Nikamwambia viti ni vya majirani, pazia ni langu, nyuma yake ukuta umepasuka, njoo uone, ni hatua tano tu. Akatazama tope. Akatazama viatu vyake.

"Dada," akasema, "sisi tunafanya na yenye tunaona."

Yenye tunaona! Halafu wakaenda kwa Révérien. Wamekuta nyumba tupu, mzee amekaa juu ya dumu la maji, maana viti vyake viko wapi? Luz alifuta machozi. Wakapiga alama ya bluu, kubwa, ukutani. Nyumba ya Révérien imejengwa juu ya mwamba. Korongo likimfikia Révérien, sisi wote tutakuwa tumeshazikwa.

Nimepiga kelele, mbele za watu, kwa Kiswahili na Kifaransa. Mama akanivuta ndani kwa mkono kama mtoto. Akaosha glasi.

Jumapili, 9 Novemba

Misa nimeisikia kwa sikio moja. Padri amehubiri juu ya unyenyekevu. Leo hapana.

Révérien amekuja kuchukua viti na hakuvichukua. Amekaa kwenye kimoja, kofia magotini, hakuweza kumtazama Mama. Mwishowe akasema jana hiyohiyo aliteremka hadi ofisini kwao, akawaambia alama ile si yake, ipelekwe kwa jirani. Wakamjibu alama haihamishwi. Ila kwa kuwa amesumbua, watapanda tena Jumamosi, waangalie nyumba moja tu. Hii.

Mama akamshukuru. Akamuuliza kama siku hiyo ya wageni atavihitaji viti vyake. Révérien akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Watu wa huku wanaweza kufa kwa adabu! Sisi wa Uvira tungekuwa tumeshalala barabarani mbele ya ofisi yao.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua.

Jiko la Mama limeenda. Na sufuria, na kuni, na jiwe la kusagia alilotoka nalo kwa mama yake. Alikuwa chumbani anasali. Anasema ilikuwa sauti ndogo tu.

Nimempata Audace kwenye simu, yuko mpakani. Nimemwambia mamako ahamie kwangu leo. Akasema alishamwambia mara mia, hatoki kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu isipokuwa kwenda kwenye nyumba yake nyingine. Nikasema basi mwambie atoe viti, wakija wakute ukweli. Akajibu, "Mwambie we."

Sisi wanawake ndio wa kutumwa maneno ambayo watoto wa kiume hawawezi kuyasema.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimepanda tena. Nimemwambia.

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakukasirika — ningependa akasirike! Akaendelea kuchambua, halafu akasema, sauti ya kawaida kabisa, akiniita mkwe kwa lugha yao:

"Mukazana, mi nimekaa kambi ya Tanzania miaka mingi. Watu walikuja kutuangalia, tulikuwa tunakaa chini, wao wamesimama. Nikasema siku nitapata nyumba yangu, mutu akiingia atakaa. Na mi nitakaa. Tutaangaliana macho kwa macho."

Jibu ninalo la hasira tu, nalo si lake. Ni la Armel, na la mtu yeyote anayetaka kwanza uwe umelala chini ndipo akuone.

Lakini usiku nimesikia udongo ukidondoka nyuma ya ukuta, kidogo kidogo, kama mtu anayemwaga mchele. Sikulala. Nimeamua.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimefanya. Alfajiri Mama akiwa ameenda kuteka maji, nimerudisha kila kitu. Viti kwa Révérien, meza, kitambaa. Révérien amevipokea, akavifungia ndani, akabaki na ufunguo mkononi. Pazia nimeling'oa na misumari yake. Ufa sasa unaingiza mkono na bega. Napitia pale naona mawingu, na chini kabisa tope jekundu.

Mama amerudi, ameona. Ameoga, amevaa imvutano yake ya sherehe, ile ya arusi yangu.

Naandika nimekaa chini, hakuna pengine pa kukaa. Wamechelewa. Mvua inaanza, matone makubwa.

Amekunja godoro lake mara mbili, ameliweka katikati ya chumba, ametandika juu yake shuka safi. Ndiyo viti vya leo. Amekamua mutobe mwingine, sijui saa ngapi. Glasi zangu amezipanga sakafuni juu ya jani la mgomba, kwa mstari. Nina hasira naye, nina hasira nao, na ninataka kulia.

Sauti ya Armel njiani. Anamwambia mtu aangalie, panateleza. Wamefika kwenye kisiki cha mparachichi.

Sasa anatafuta kitu. Nyuma ya mlango, chini ya ungo. Misumari anayo mkononi tayari. Anatafuta pazia.

Nimelikalia.

Amesimama mbele yangu na nguo yake ya sherehe, nyuma ya bega lake ukuta uko wazi na mvua inaingia. Wanabisha hodi. Mama amenyoosha mkono, anataka pazia. Naacha kuandika.