Picha Mbili Zilizokatwa

Jumatatu, 4 Machi
Nimemaliza bango la dawa ya kusafisha maji ya kunywa. Picha nne, maneno machache. Mkono unamimina kifuniko kimoja cha dawa kwenye ndoo ya maji. Mwiko unakoroga. Ndoo imefunikwa, saa iko ukutani — lazima kusubiri. Mwisho mtoto anakunywa maji kwenye kikombe. Niliwaonyesha akina mama kliniki, nikaziba maneno, nikawaomba wanisimulie wanachokiona. Mwanzoni saa waliiona sahani! Nikaichora upya. Sasa wanasimulia bila kukwama. Ugonjwa wa kuhara umeshaingia mitaa ya bondeni, kwa hiyo kesho liende kwa mchapaji. Nimerudi nyumbani nikiimba, hadi mume wangu akauliza kama nimepandishwa cheo.

Alhamisi, 7 Machi
Damu inachemka. Mabango yamekuja, na si yangu. Katikati imejaa sura ya mkuu wetu wa idara — tunamwita Bwana Tai, maana haivui tai yake shingoni hata jua likiwaka vipi — na nembo za wafadhili zimejipanga chini yake kama vifungo vya shati. Picha mbili za katikati hazipo. Ya kwanza imekatwa nusu: umebaki mkono na kifuniko cha dawa. Kisha yeye. Kisha mtoto anakunywa.

Nilimfuata ofisini. Akasema maelekezo yote yameandikwa chini. Yameandikwa, ndiyo, kwa herufi kama sisimizi! Akaongeza kwamba wananchi wanapaswa kumjua anayewahudumia.

"Mkuu, ndoo haipo," nikamwambia. "Anayetazama ataona mtoto anakunywa dawa."

Akacheka. Eti wachoraji tunadeka. Kufika mchana yalikuwa yameshabandikwa mji mzima.

Jumanne, 12 Machi
Nesi wa wodi ya watoto kanipigia. Mtoto wa miaka mitatu, mdomo na koo vimeungua. Alipewa dawa tupu, kifuniko kizima.

Nilikwenda. Mama yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga imelowa mate ya mtoto. Nilijitambulisha kwamba natoka idara ya afya. Akanieleza taratibu, kama mtu anayeelekeza njia, kwamba hakuzidisha.

"Nilimpa kama yule wa kwenye picha," akasema.

Daktari anasema atapona. Kwa sasa hata maziwa hayapiti. Nimeshindwa kula.

Jumatano, 13 Machi
Kikao. Nilidhani tunajadili kuyabandua. Wapi! Bwana Tai anataka tangazo la redio: akina mama wawe makini, wasome maelekezo kabla ya kutumia dawa. Na msomaji awe mimi, kwa kuwa sauti yangu inapendwa. Yaani mama yule alaumiwe, tena kwa mdomo wangu!

Nikauliza mabango yanatoka lini. Wakanitazama kama nimetukana. Bwana Tai akasema yakitoka, wafadhili watauliza kwa nini. Mhasibu akainamia simu yake. Nikasema sisomi. Bwana Tai akanipa hadi kesho nifikirie, na nifikirie kazi yangu pia.

Nyumbani nimemsimulia mume wangu. Leo hakutania. Kauliza tu kama ngazi ya jirani itatufikisha juu.

Alhamisi, 14 Machi
Naandika nimeketi kwenye kizingiti cha duka la dawa, vidole vinanata gundi. Tumeanza alfajiri, ukuta wa kliniki kwanza, sasa huu wa soko. Mwenye duka alitoka kuuliza nani katutuma. Nikamwonyesha bango, nikamweleza habari za mtoto. Akarudi ndani, akatuletea maji ya moto. Karatasi inabanduka vipande vipande. Tai ndiyo imeng'ang'ania.

Gari la ofisi limesimama ng'ambo. Dereva kashusha kioo, hanitazami usoni. Anasema mkuu yuko njiani, anauliza nani kanipa ruhusa. Bado stendi. Bado shule. Bado bondeni kote, wanakougua zaidi.

Mume wangu anauliza tuondoke au vipi. Nimemwambia aishike ngazi vizuri, napanda —