Mstari wa Kwanza wa Teleksi

Nairobi, tarehe 9 Oktoba 1988. Huu ni mwaka wa kumi na nne tangu niondoke Shinyanga.

Bundala ndugu yangu,

Mwangaluka. Nakusalimu kwa Kisukuma kwa sababu huku sina wa kuniitikia. Binti yako Kabula ameniandikia kwamba walikuzika kwenu Maganzo, kando ya baba yako, na kwamba mvua iliwanyeshea kaburi likiwa bado wazi. Nililia, sikufichi. Kisha nikafungua bahasha ya pili, ile uliyoacha ikiwa na jina langu, na machozi yakakatika.

Ndani mlikuwa na ile karatasi ya teleksi iliyonitoa Shinyanga.

Unakumbuka ulivyonipokea katika chumba cha teleksi, pale kiwanda cha kuchambulia pamba? Mimi karani wa miaka hamsini na mbili, vidole vigumu, nikiiogopa mashine hiyo ya kuandikiana kwa waya kama ng'ombe mkali. Ulinicheka wiki nzima. Ukanifundisha kwamba kila mashine duniani ina utambulisho wake: namba, jina fupi, na mwishoni herufi za nchi. Ulisema, "Hii haina adabu ya kwetu, Nkwabi. Kwetu anayebisha hodi ndiye anayejitaja. Hapa mwenye nyumba hujitaja kwanza, mgeni anafuata." Yaani mashine iliyopigiwa huandika utambulisho wake juu, na iliyopiga huandika wake chini yake. Sikusahau. Nimeishi kwa somo hilo mpaka leo, maana ndilo lililonipa kazi Nairobi.

Siku aliyokuja yule afisa wa upelelezi kuuliza habari za almasi za magendo, karatasi hiyo alikuwa ameikunja. Mimi alinionyesha mstari mmoja tu, utambulisho wa mashine yetu, nami sikujua kama ni wa juu au wa chini. Wewe, kwa kuwa ulikuwa mkubwa wa chumba, alikupa uifungue. Uliisoma yote. Ujumbe ulikuwa mfupi: mawe ya Maganzo ni mazuri, endelea kama tulivyokubaliana. Akakuuliza kama mashine ile ni ya kwetu. Ukajibu, "Ndiyo, ni ya kwetu." Basi. Hukuongeza neno.

Yeye alisoma kama tulivyofundishwa shuleni kusoma barua, anwani ya mwandishi huwa juu. Akahitimisha kwamba sisi ndio tuliopeleka ujumbe nje. Akatazama saa iliyopigwa chapa, saa saba na nusu mchana, akatazama orodha ya zamu, akaandika jina langu.

Saa kumi jioni ulinifuata nyumbani. "Nkwabi, panda lori la pamba la Mwanza sasa hivi. Usingoje kesho." Ukanivua koti langu la kazi, ukanivika lako. Nilikwambia wabeja, wabeja sana. Nimekushukuru miaka yote hii, Bundala. Mama yangu alizikwa Kagongwa bila mimi, watu wakinong'ona kwamba mwanawe ni mwizi wa mawe, nami bado nilikuombea heri kila Jumapili kwa sababu uliniokoa.

Sasa karatasi iko mbele yangu, imenyooshwa. Utambulisho wetu uko juu. Chini yake uko wa nje, na herufi za nchi si zetu. Sisi ndio tuliopigiwa. Kuna mtu huko ng'ambo aliyeyasifu mawe, na kuna mtu katika chumba chetu aliyekuwa anasifiwa. Chumba kilikuwa na watu wawili, na mimi sikuwahi kuyagusa mawe hayo.

Mwaka jana kampuni ninayoifanyia kazi ilileta fundi, msichana mwerevu, atueleze namba za mitandao mipya ya kompyuta. Alisema tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi, ya nne ni ya mtandao ndani ya nchi hiyo, zinazobaki zinakupeleka hadi kwenye mashine yenyewe. Nikamuuliza tarakimu ipi ni ya mtu aliyeketi mbele ya mashine. Akacheka. "Hiyo hakuna, mzee." Wenzangu nao wakacheka. Mimi niliwaza saa saba na nusu ile, na jinsi ulivyokuwa na desturi ya kubaki na gazeti lako zamu yako ikiisha. "Nenda ukale ugali wako, mimi naiangalia mashine." Ulikuwa ukiniambia hivyo mara ngapi kwa wiki? Nilidhani ni wema. Labda ulikuwa wema.

Nimejaribu kukutetea. Nasema uliogopa. Nasema uliiiba karatasi kwenye faili ili kesi yangu ife, na kama ni hivyo ulijihatarisha kwa ajili yangu. Lakini kama kesi ilikufa, mbona hukuniandikia nirudi? Barua zako nne ninazo. Zinasema mvua, pamba, harusi ya Kabula. Hakuna iliyosema rudi. Kisha Kabula ananiandikia: "Baba mdogo, baba alisema sasa unaweza kurudi nyumbani." Sasa. Kwa nini sasa, Bundala? Neno hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko karatasi yenyewe.

Mama Kabula anataka niwepo siku ya kuondoa matanga, nikae upande wa ndugu zako. Nikija na karatasi, nitasafisha jina langu kwa kulichafua lako mbele ya mjane wako. Nikija bila karatasi, nitakula chakula chenu huku nikiwachunguza wanao usoni, nikitafuta ni nani anajua. Siwezi la kwanza, na la pili sina nguvu nalo.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Kabula nitamwandikia kwamba bahasha ilikuwa na kumbukumbu za kazi zetu za zamani, na huo si uongo. Karatasi hii hataiona mtu mwingine nikiwa hai. Wanao watabaki na baba waliyemzika.

Lala, mwalimu wangu. Kama nimekudhania vibaya, nisamehe. Kama sikukosea, ulipaswa kuniambia ukiwa hai, nami ningekusikiliza.

Shinyanga sitarudi.

Nkwabi