Waya nilizokata

Ijumaa, Kasubi

Ni mimi nilikata. Niandike hiyo kwanza.

Asubuhi nilibeba mashine mbili za kuchezea sahani za muziki, za Sauda, binti yangu, nikaziweka mezani. Kila moja ina kawaya kembamba kananing'inia, hakana plagi. Saiti, kule kazini kwangu kwenye ujenzi, waya kama hiyo tunakata, isinase mtu mguu. Nikakata zote mbili.

Mchana Sauda akaunganisha mashine na saundi kadi, kale kasanduku ka kupitisha sauti, saundi kadi na laptopu. Spika zikavuma mmmm, wimbo umezama. Na kesho anapiga muziki harusini, kazi yake ya kwanza. Akakaa chini akalia.

Nikamwambia, "Nilikata mimi, mama. Zile waya nyembamba."

"Baba weee! Hizo ndizo zinaondoa mvumo! Si ungekata na masikio yangu?"

Lakini alicheka. Bahati vipande vilivyobaki kwenye mashine vilikuwa virefu. Nikamenya ncha kwa meno, yeye akazifunga kwenye skrubu ya saundi kadi.

Kimya.

Tangu mama yake afe, kimya ya nyumba hii naichukia. Leo nilishukuru. Tukaisikiliza kidogo, mimi na yeye, halafu nikasema, "Haya, piga."